Tupeane uzoefu: Uliwezaje kujenga tovuti yako mwenyewe ya maandishi?

Ndugu wanajamvi, kwa miaka sita niliandika kwenye mtandao mmoja wa kijamii, hadi asubuhi moja nilipokuta akaunti yangu imefungwa bila maelezo, na makala ambazo sikuwa na nakala zake popote zikawa hazifunguki tena. Nilikata rufaa mara tatu, sikujibiwa. Najua si jambo geni, kwani mwaka 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, huduma ya watu kujitengenezea tovuti zao, pamoja na mamilioni ya kurasa za watu binafsi, na nyingi ya zile zilizosalimika ziliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili. Sasa nataka kujenga kwangu. Mliotangulia, mlianzaje na mlijikwaa wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Pole sana. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikichagua rangi na mitindo ya herufi, huku sijaandika makala hata moja. Mwishowe niliacha yote, nikaandika kwa mkono ukurasa mmoja wa HTML, yaani alama zinazokieleza kivinjari namna ya kuonyesha ukurasa: kichwa, aya na viungo, basi. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, haikuwa na mengi zaidi ya hayo, na nakala yake inafunguka hata kwenye vivinjari vya leo. Kurasa za namna hii hazina hifadhidata ya kuharibika wala programu-jalizi za kusasisha kila mara, na seva yoyote, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni, inaweza kuzibeba.

Mchangiaji wa pili
Naomba niongeze jambo lililonigharimu. Fundi aliyenitengenezea tovuti alisajili jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kwa jina lake na kwa barua pepe yake, nami sikuuliza. Muda wa usajili ulipokaribia kwisha, taarifa zote zilikwenda kwake, naye alikuwa ameshaacha kazi hiyo. Jina likaachwa, likachukuliwa na mtu mwingine. Faili nilikuwa nazo zote, na kuzihamishia kwenye seva nyingine ilikuwa kazi ya jioni moja tu, lakini anwani ambayo wasomaji waliizoea haikurudi. Kwa hiyo sajili mwenyewe, kwa barua pepe isiyotegemea kikoa hicho hicho, na uwashe malipo ya kujirudia.

Mwanzisha mada
Hilo la barua pepe nisingelifikiria kabisa. Na makala zenyewe mnazihifadhi vipi?

Mchangiaji wa tatu
Mimi huandika kwa Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache, kisha programu ndogo huyageuza kuwa HTML. Asili hubaki kwenye kompyuta yangu na kwenye diski ya pembeni. Kosa langu lilikuwa kubadili mpangilio wa anwani mara mbili, kwa kupenda usafi tu, na viungo vyote ambavyo watu walikuwa wameviweka kwao vikafa. Ilinibidi niandike maelekezo ya kudumu kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya, moja baada ya nyingine.

Mchangiaji wa kwanza
Uwe tayari pia kwa ukimya, maana miezi ya mwanzo hakuna atakayepita. Mimi huchapisha kwangu kwanza, kisha ndipo hupeleka kiungo na aya moja kwenye mitandao ya kijamii, na nimeweka RSS, yaani orodha ya makala mpya inayosomwa kwa programu maalumu, kwa wale wachache wanaopenda kufuatilia bila kupitia huko.