Tupeane uzoefu: daktari anasema sasa hivi, nyumbani wanasema subiri

Mwana wa Langoni (Lamu):
Naanza mimi. Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Homa ya siku mbili, usiku wa tatu akashikwa na degedege: macho juu, meno yamekazana. Bibi yake akasimama mlangoni, akasema: Mtoto wa degedege hachomwi sindano, ukimchoma ndiyo basi! Kwetu watu wanalishika hilo kama dini, ingawa aya sijawahi kuonyeshwa. Likaagizwa kombe, zile aya za Kurani zinazoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Nikawa natazama maandishi ya zafarani yakiyeyuka kwenye sahani nyeupe, na mtoto mwenyewe hawezi kumeza hata mate. Aliyetuokoa ni maalim. Alimtazama, akaweka kalamu chini: "Mpelekeni. Kombe nitawaletea huko huko."
Nikambeba mbio vichochoroni. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Akachomwa sindano za atesuneti, dawa ya malaria kali, leo yuko darasa la nne. Ila ile saa nzima niliyongoja ruhusa ya mama mkwe bado inaniuma. Haya, na nyinyi?

Kaka Mdogo (Malindi):
Kaka yangu ni Shahidi wa Yehova. Aligongwa akiwa kwenye bodaboda, kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) kikashuka mpaka 4, hatari kabisa. Kwenye pochi ana kadi, imesainiwa na mashahidi wawili (wa kusaini, nao pia wa Yehova): asiongezwe damu. Hoja yao ni Matendo 15:29, mjiepushe na damu. Mimi Mwanglikana naisoma aya hiyo hiyo na naona habari ya chakula tu.
Alipozimia, sisi ndugu tukataka aongezwe kimyakimya. Daktari akakataa katakata: mtu mzima kaandika akili zake timamu, hatumgeuki kwa kuwa amelala. Nilimtukana yule daktari. Wakampa oksijeni, dripu, madini ya chuma na sindano za kuusukuma uboho utengeneze damu. Wiki nyingi, akapona. Lakini alikuja kujua tulichotaka kumfanyia. Mpaka leo hali meza moja na sisi.

Mama Pili:
Pole. Na angekuwa mtoto?

Kaka Mdogo:
Hapo ni tofauti. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inatanguliza maslahi ya mtoto. Mzazi akigoma, hospitali inaweza kwenda kortini.

Mkaazi wa Maweni (Malindi):
Tangu Shakahola, 2023, waumini wa kanisa moja walipokufa kwa kufunga kula na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa humo msituni, huku kwetu ukifumba macho kuomba wodini unatazamwa vibaya. Nilikuwa namwombea mama, dripu inaenda, nesi akaniuliza kama tumekubali dawa. Dripu si anaiona!

Nesi Mstaafu (Lamu):
Msitulaumu, wenzenu tumeona mengi. Mwezi wa Ramadhani tuliletewa mzee kwa boti kutoka Pate, amebebwa kwenye kiti cha plastiki, pumzi zinanuka kama tunda lililoiva mno. Kafunga, na insulini yake ya kisukari kaiacha. Alipozinduka nikamkumbusha Kurani, Baqara 185, mgonjwa atalipa siku nyingine. Akasema, "Naijua kabla hujazaliwa, mwanangu. Lakini wajukuu wakiniona nakula mchana?"

Mwana wa Langoni:
Na wajukuu walisemaje, dada?

Nesi Mstaafu:
Walikuwa hawajui kama babu yao ana sukari.