Naomba ushauri: kumpeleka mama Zalipie, kijiji cha nyumba za maua Poland

Wakuu, habari zenu. Nasoma Kraków, na mama anakuja kunitembelea mwezi wa sita. Natamani nimpeleke Zalipie, kijiji cha wakulima upande wa Tarnów, ambako nyumba huchorwa maua ndani na nje.

Historia yake imenigusa sana. Mwishoni mwa karne ya 19 nyumba nyingi za huko hazikuwa na dohani. Moshi ulizunguka humo humo na kuta zikajaa masizi. Wanawake wakawa wanazipaka chokaa, kisha wanazirembesha kwa michoro. Brashi walitengeneza wenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe! Majiko ya kisasa yalipoingia, masizi yaliisha lakini uchoraji haukuisha. Tangu 1948 kuna mashindano ya nyumba bora, karibu na sikukuu ya Ekaristi. Nyumba ya Felicja Curyłowa, mchoraji maarufu aliyefariki 1974, sasa ni makumbusho.

Mama ni msusi wa mikeka, rangi ndiyo maisha yake. Asiishie kutazama kuta tu, nataka akae na wale kina mama wazungumze, mimi nitafsiri.

Kwa waliofika: twende siku za mashindano au baada ya hapo, watu wakiwa wametulia? Nyumba zimetawanyika mashambani, na magoti ya mama yanasumbua. Bila gari tutaweza? Na je, ni ustaarabu kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu, au nipitie kwanza kwa wenyeji fulani? Zawadi gani itafaa?