Hadithi fupi za yuri huishia pale wasichana wanapokubaliana tu. Mnaona ni sawa?

Bi Kurasa (mleta mada)
Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu. Nimesoma yuri fupi nyingi, yaani hadithi za Kijapani za mapenzi ya wasichana kwa wasichana, zile za kurasa ishirini na kitu mpaka thelathini zinazojaa kwenye makusanyo ya manga (vibonzo vya Kijapani), na karibu zote zinapita njia ile ile. Shule ya wasichana, maktaba au paa la darasa, mmoja ana siri, siri inatoka, wanashikana mikono, kwisha. Hakuna anayerudi nyumbani kumwambia mama yake. Hakuna anayetafuta kazi wala kupanga chumba. Mapenzi ya wasichana wawili yanaruhusiwa mpaka siku ya kumaliza shule, baada ya hapo kimya. Mimi nauita uoga wa wahariri, na sisi wasomaji tunaupigia makofi. Tena una mizizi. Yoshiya Nobuko, mwandishi wa Kijapani ambaye hadithi fupi zake za Hana Monogatari kuanzia 1916 ndizo kila mtu anazitaja kuwa chanzo cha haya yote, mwisho wa siku alimwandikisha mwanamke aliyeishi naye kama mtoto wa kuasili. Ikiwa aliyetangulia alijificha hivyo, tutegemee nini kwa waliofuata? Leteni hoja.

Mtaa wa Pili
Kweli tupu. Ukisoma kumi umesoma zote. Mimi nilihamia kwenye ndefu. Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio ina juzuu nane, iliisha 2019, na mwishoni unawakuta wahusika wako chuo kikuu, wana maisha. Huko ndiko mapenzi yaliko.

Mchoraji wa Ilala
Neno "uoga" limenichoma, Bi Kurasa, maana mimi nachora na najua kurasa 24 zinavyokwisha. Wa kwanza ni jina na picha. Mbili zinazofuata msomaji ajue yuko wapi na nani anamtazama nani. Umebaki na ishirini na moja na bado hakuna aliyefungua mdomo. Shule inatumika kwa sababu hiyo: sare, dirisha la darasa, makabati ya viatu mlangoni, msomaji wa Kijapani kaviishi vyote, huna haja ya kumweleza. Waweke ofisini na itabidi ujenge kazi, kodi, bosi na ndugu, na karatasi imekwisha kabla hawajapendana.

Halafu kuna suala la kufunua ukurasa, ambalo wasiochora hawalioni. Lile tamko, "nakupenda", huwekwa upande ambao msomaji hauoni mpaka afunue. Kwa hiyo kila kinachotangulia kinapangwa kumfikisha pale: vibonzo vinakuwa vyembamba, maneno yanapungua, ukurasa wa mwisho kabla ya kufunua unakuwa na uso mmoja tu. Hadithi nzima imejengwa kubeba tendo hilo moja la mkono. Ongeza kurasa kumi za maisha ya baadaye na umeizika. Inakatika pale kwa sababu imeundwa kukatika pale.

Mtaa wa Pili
Kaka, umemkubalia mleta mada. Umesema wazi kwamba shule ni njia ya mkato.

Mchoraji wa Ilala
Sijasema njia ya mkato popote. Soma tena. Nimesema kurasa ni chache na kila kibonzo kina kazi. Nakaa na ukurasa mmoja hadi alfajiri, wewe unauita mkato ukiwa umelala kitandani na simu.

Kalamu Butu
Nimeirudia mada mara mbili kuhakikisha kama kweli mtu kaandika kwamba Yoshiya "alijificha". Dada yangu, mwanamke huyu alikutana na Monma Chiyo, mwalimu wa hisabati, mwaka 1923, akaishi naye mpaka alipofariki 1973. Nusu karne! Walisafiri Ulaya pamoja, walijenga pamoja, na Yoshiya alikuwa mmoja wa waandishi waliouza sana Japani. Nchi nzima ilimjua. Alimwasili 1957 kwa sababu sheria haikumpa mlango mwingine wa kumfanya Monma awe mrithi wake. Kujificha kuko wapi hapo? Wewe unayemhukumu unaandika kwa jina la "Bi Kurasa". Yeye jina lake liko kwenye majalada ya vitabu.

Bi Kurasa
Kalamu Butu, jina langu halihusiani na mada. Nimezungumzia karatasi ya serikali. Kwenye karatasi hiyo ni mama na binti. Hilo ndilo umma uliambiwa.

Kalamu Butu
Umma haukuambiwa hivyo. Umma uliwaona wakiishi.

Mwanakwerekwe
Assalam aleykum. Samahanini, mimi nimekwama. Mtu mzima anaasiliwa vipi? Kwetu tumezoea kulelewa mtoto mdogo. Na huyu mwalimu si alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu?

Nagoya Baridi
Waaleykum salaam. Niko huku Japani, ni jambo la kawaida kabisa. Familia yenye biashara na haina wa kuirithi humwasili mkwe au hata mfanyakazi ili jina liendelee. Sheria inakataza kumwasili aliyekuzidi umri, na Monma alikuwa mdogo kwa Yoshiya. Ukishaasiliwa unaingia kwenye sajili ya familia, ile wanayoiita koseki, na hapo unarithi na unatambulika kuwa ndugu. Nje ya koseki wewe ni mpangaji tu, hata mkiwa pamoja miaka arobaini.

Mzazi Makini
Yaani kurasa zote hizi kujadili wasichana wanaopendana kwenye vibonzo. Watoto wetu wanasoma haya kwenye simu usiku. Hamna mada nyingine?

Mwanakwerekwe
Mzee wangu, shikamoo. Mimi pia ni mzazi. Hapa tunajadili fasihi ya Wajapani na sheria yao, na binti yangu amekuwa akiniuliza juu ya vitabu hivi. Nisiposoma nitamjibu nini?

Mtaa wa Pili
Turudi kwenye soko basi. Hadithi zinaishia kwenye kushikana mikono kwa sababu wanunuzi ni wanaume wanaotaka kutazama mabinti wa shule. Jarida la Yuri Hime tangu 2003 limewalenga wanaume. Mchezo wote ni huo.

Nagoya Baridi
Hapana. La 2003 lilikuwa Yuri Shimai, likafa mwaka uliofuata. Yuri Hime ni 2005, chini ya kampuni ya uchapishaji ya Ichijinsha. Lililolenga wanaume waziwazi lilikuwa jarida dada, Yuri Hime S, lililoanza 2007. Lilifungwa 2010. Jarida lenyewe limebaki, likawa la kila miezi miwili, sasa linatoka kila mwezi. Kama mchezo wote ungekuwa wanaume, lingefungwa lingine.

Mtaa wa Pili
Mwaka 2003 au 2005 hakubadilishi hoja yangu.

Nagoya Baridi
Kunabadilisha. Hoja yako ilisimama juu ya nani alilengwa tangu mwanzo.

Kalamu Butu
Niseme jambo moja, kisha mnijibu kwa hoja. Mwaka 1911 wasichana wawili waliomaliza shule moja walijizamisha baharini Niigata kwa sababu walitaka kuwa pamoja, na magazeti yakaanza kuandika mapenzi ya wanafunzi kama ugonjwa. Mwaka 1971 Yamagishi Ryoko alichora Shiroi Heya no Futari, wasichana wawili kwenye shule ya bweni Ufaransa, na mwishoni Simone anakufa. Ndiyo manga inayotajwa sana kuwa ya kwanza ya aina hii. Kwa miaka mingi msomaji aliifungua hadithi ya namna hii akijua kuna mmoja atakufa, ataolewa, au atapata wazimu. Hizo kurasa 24 mnazozidharau zinaishia wote wawili wakiwa hai na wamekubaliana. Huo ni mwisho uliopiganiwa. Na Yoshiya mnayemwita mwoga aliandika Yaneura no Nishojo, ikatoka 1920, wasichana wawili wa bweni wanaondoka kwenda kuanza maisha yao pamoja. Mwaka 1920!

Mtaa wa Pili
Hiyo ya 1920 ni riwaya, si hadithi fupi. Umeleta ushahidi wa upande wangu.

Mchoraji wa Ilala
Kama unataka fupi, chukua Kase-san ya Takashima Hiromi. Ilianza kama hadithi fupi kwenye kusanyo la Hirari, 2010, msichana wa kamati ya bustani na mwanariadha. Ikapendwa, zikaongezwa nyingine fupi, moja moja, mpaka wamemaliza shule na wamehamia Tokyo kusoma. Au Nana na Hitomi wa Morinaga Milk, ambao wanarudi hadithi baada ya hadithi kwenye kusanyo moja. Fupi si ukuta. Ni mbegu, msomaji akimwagilia inaota.

Bi Kurasa
Na ambazo hazikumwagiliwa? Kwa Kase-san moja kuna mamia zilizoachwa kwenye paa la shule. Msichana wa Osaka anayesoma zile mamia anajifunza kwamba baada ya sare hakuna kitu. Narudia, tena kwa heshima kabisa: mchoraji ana sababu zake za kiufundi, nazielewa, lakini mhariri anayepanga kusanyo la hadithi kumi anaweza kusema tano ziwe za wanawake wa miaka thelathini. Ni uamuzi wa mtu.

Nagoya Baridi
Msichana wa Osaka anajua vizuri kwamba baada ya sare kuna kitu. Tatizo lake ni kwamba kitu hicho hakina karatasi. Shibuya, moja ya wilaya za Tokyo, walianza kutoa cheti cha wenza wa jinsia moja 2015, Tokyo nzima 2022, lakini cheti si ndoa, hakikupi urithi. Mahakama ya Sapporo ilisema Machi 2021 kwamba kuwanyima ndoa kunakiuka katiba, na ndoa bado haijabadilishwa. Ndiyo maana mpaka leo wapo wanaofanya kama Yoshiya.

Kalamu Butu
Asante. Na hao nao wanajificha, Bi Kurasa?

Bi Kurasa
Nimesema karatasi inaficha. Karatasi, si mtu. Unanilisha maneno.

Kalamu Butu
Uliandika "alijificha". Kitenzi chako kina mtu ndani yake. Kipo pale juu, kila mtu anakiona.

Mwanakwerekwe
Wanangu, msigombane. Ninalo swali la kweli. Hao walioasiliana, siku sheria ya ndoa ikibadilika, si watafuta uasili halafu wafunge ndoa?

Nagoya Baridi
Hawawezi. Kifungu cha 736 cha sheria ya madai kinawakataza waliowahi kuwa mzazi na mtoto wa kuasili kuoana, hata uasili ukishavunjwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Mtaa wa Pili
Milele?

Nagoya Baridi
Milele, kwa maandishi yalivyo sasa.

Mwanakwerekwe
Basi Bunge likifungua ndoa bila kugusa kifungu hicho, watakaobaki nje ni wale wale wa kwanza, wazee waliovumilia kuliko wote. Hilo haliwezi kuachwa hivyo. Nani anajua kama mawakili wa kesi hizi wamelitaja mahakamani?

Kalamu Butu
Natafuta hukumu ya Sapporo sasa hivi. Mwenye Kijapani kizuri anisaidie kuisoma, nitaiweka hapa kipande kwa kipande.