Rodi na rili ya flai kwa besi wa Naivasha na hori za Kilifi: seti moja au mbili?

Kamongo_Nakuru
Wadau habari zenu. Mimi nimezoea trauti, rodi ya flai (ndoana ya manyoya) namba 5, namba ndogo ni ya laini nyepesi, kwa mito ya Aberdare, sasa kazi imenileta Nakuru na Naivasha iko hapo tu, besi wananiita kila wikendi. Halafu shemeji yangu anaishi Kilifi na Agosti na Disemba lazima tushuke, sitaki kukaa ufuoni naangalia maji tu. Namba 5 najua haiwezi kurusha zile popa, flai kubwa za manyoya zinazoelea, na upepo wa bahari hata sitaki kuuongelea. Bajeti ni elfu 80 yote ndani, rodi, rili, laini. Kuna binamu anatoka Dallas Novemba atanibebea.

Nimechuja nikabaki na tatu. Orvis Clearwater namba 8 futi 9 na rili yake ya Clearwater. Ama rodi ya TFO namba 8 ya bei ya kati na rili ya Lamson Liquid, ile inauzwa na spuli (gurudumu la kuzungushia laini) mbili za ziada. Ama kuna jamaa Nairobi anauza Sage Bass ya mkono wa pili, ile fupi ya largemouth, futi 7 inchi 11, bei poa sana, naweka rili yoyote ya rahisi. Nisaidieni kabla sijatuma pesa.

Mafunjo_Boy
Karibu Naivasha mkuu. Mimi nabeba watu kwa boti hapa na nimeona rodi za kila aina. Hiyo Sage fupi ni tamu kwa boti sitakudanganya, unarusha chini chini inaingia pale kati ya mafunjo na gugumaji bila kunasa juu, na ikishika besi ina nguvu ya kumtoa. Na hiyo nguvu unaihitaji kwa sababu besi wa hapa akimeza popa hakimbilii maji wazi kama trauti, anageuka saa hiyo hiyo anarudi ndani ya mizizi ya mafunjo, una kama sekunde mbili za kumgeuza kichwa, ukichelewa unabaki umefunga mafunjo na ndoana imepotea. Kwa hivyo usije na lida (uzi wa mbele unaofungwa flai) nyembamba ya trauti. Weka ratili 15 au 16, fupi, urefu wako na kidogo, besi haangalii lida.

Krefishi ndio chakula chao kikubwa, wako kwa hili ziwa tangu 1970, kwa hivyo flai ya kahawia na machungwa inayozama ikiruka ruka chini inafanya kazi hata mchana jua likiwa kali na popa zimekataliwa. Flai kama hiyo ni nzito, hapo namba 6 inaumia, namba 8 inaibeba.

Na tafadhali usishuke kwa maji. Viboko. Boti tu.

BabuTrauti
Hiyo fupi nina la kusema. Zilifanywa chini ya futi 8 kwa sababu mashindano ya besi ya Marekani yalikuwa hayaruhusu rodi ndefu zaidi ya hapo, si kwa sababu fupi ni bora kila mahali. Na hiyo ya largemouth ilitolewa na laini yake maalum ya greni 330 (greni ni kipimo cha uzito wa laini). Linganisha na laini ya kawaida ya namba 8, ile mita 9 ya mbele ina greni 210 hivi. Maana yake ukiweka laini ya kawaida ya namba 8 rodi haipindi, unarusha unaona kama umeshika fito. Laini ya muuzaji ikichakaa itabidi utafute laini nzito kwa kuhesabu greni, na hiyo Nairobi huipati kwa urahisi. Tena ukiwa umesimama kwa maji ya kiuno kule pwani na mawimbi nyuma yako, futi 9 inainua laini juu vizuri zaidi. Kwangu Sage inatoka kwenye orodha, labda uwe mtu wa boti na Naivasha peke yake.

Kamongo_Nakuru
Shikamoo Babu, hapo umenifungua macho. Basi Sage nimeweka kando. Imebaki Clearwater na TFO.

Mkizi_wa_Takaungu
Ndugu yangu Kamongo, nyote mwazungumza rodi, mie nakwambia anza na rili. Huko bara rili ni ya kuwekea laini tu, besi unamvuta kwa mkono. Hapa kwetu kolekole hata wa kilo mbili akishika Clouser, ile flai nzito ya kuzama, pale maji yanapotoka mlangoni mwa hori (mkono wa bahari), laini yote iliyokaa chini miguuni yaondoka mara moja, ikisha yaingia kwenye bekingi (uzi wa akiba nyuma ya laini), na hapo ni breki ya rili ndiyo inayovua. Breki ikikwama kidogo tu lida imekatika.

Sasa chumvi. Rili ambayo breki yake haikufungwa, maji ya chumvi yaingia ndani yakikauka yaacha unga mweupe, kwanza wasikia yakwaruza ukizungusha, halafu beringi zaanza kutu, halafu siku moja kitufe cha breki hakigeuki kabisa. Kuna jirani hapa rili yake ilifika hivyo na ilikuwa ya bei si haba. Kwa hivyo swali la kuuliza si jina la rili, ni je breki imefungwa isiingie maji na mchanga au haikufungwa? Lamson Liquid imefungwa, breki yenyewe ni ya umbo la koni. Nyepesi pia.

Upepo nao. Agosti ni kusi, mchana wavuma hasa. Kama ungekuwa wa pwani peke yake ningekwambia namba 9 bila kufikiri. Kwa mtu wa pote pote namba 8, lakini toka alfajiri kabla upepo haujaamka, na utazame bamvua, maji yakipwa sana na kujaa sana ndipo samaki watembea. Maji mafu wapoteza nauli.

Na mzia wapo, meno yao yakata lida, weka kipande cha waya mbele ya flai.

Nyakio_Tampa
Niko Florida na hii ndio maisha yangu, asubuhi besi kwa vidimbwi nyuma ya nyumba, jioni samaki wa chumvi, snuku na redfishi, kwenye mikoko, rodi moja namba 8 futi 9. Inafanya zote mbili bila shida. Lakini laini moja haifanyi, na hapo ndipo watu wanabana pesa mahali si pake.

Laini ya kitropiki ina kiini kigumu na ngozi ngumu ili isilegee kwa joto. Ukiitumia asubuhi ya baridi inajikunja kama springi, na Naivasha iko juu kama mita 1,880, kule saa kumi na mbili asubuhi si joto. Ukifanya kinyume, uchukue laini nyororo ya maji baridi uipeleke Kilifi Disemba, inakuwa kama tambi iliyopikwa, haipiti kwenye pete, kila kurusha inakwama. Ndio maana mimi napigia kura Lamson yenye spuli za ziada. Spuli moja laini ya besi inayoelea yenye kichwa kizito cha kubeba popa, ya pili laini ya kitropiki, ya tatu kaa nayo mpaka upate pesa uweke inayozama polepole kwa ile mikondo ya kina. Kubadilisha ni dakika.

Clearwater ni rodi nzuri, dhamana miaka 25, sina neno baya kuihusu. Lakini kwa elfu 80 ukichukua hiyo seti na spuli ya ziada na laini mbili nzuri umeshapita. TFO ya kati na Liquid utabaki na pesa ya laini. Tofauti ya hizo rodi mbili mkononi ni ndogo kuliko tofauti ya laini sahihi na laini isiyo sahihi.

BabuTrauti
Naunga mkono dada wa Tampa. Na Kamongo, mkono wako wa trauti utakusumbua: samaki akigusa unainua rodi juu. Kwa besi na kwa bahari usiinue. Rodi iangalie maji, vuta laini kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mpaka usikie uzito, ndipo uinue. Mdomo wa besi ni mgumu, wa kolekole zaidi. Fanya mazoezi kiwanjani mpaka mkono uzoee.

Kamongo_Nakuru
Asanteni sana. TFO namba 8 vipande vinne, Liquid na spuli zake, laini mbili. Bekingi niweke kiasi gani? Na Watamu naweza vua ama ni Kilifi tu?

Mkizi_wa_Takaungu
Bekingi yadi 200 ya ratili 20 hadi 30 kwenye spuli ya bahari, ya besi hata 100 yatosha. Binamu awaambie dukani wafunge kwa mashine, bekingi ikilegea laini yajizika ndani samaki akikimbia. Watamu ndani ya parki ya bahari hairuhusiwi kuvua kabisa, usijaribu. Leseni ya kuvua kwa burudani pia uwe nayo, hapa na Naivasha.

Ukitoka majini mwagia rili maji baridi taratibu, usiielekeze bomba kwa nguvu maana yasukuma chumvi ndani. Rodi pia, pale rili inapokaa, fungua uoshe. Agosti ukishuka nitafute, ntakuonesha mlango wa hori maji yanapotoka.

Mafunjo_Boy
Na kabla ya Agosti pitia huku mkuu, uniletee Clouser chache za rangi ya kahawia, hapa zinaisha haraka.