Kihamba kwa binti: haki za wanawake zililetwa, au zilikuwepo?

Mleta mada: Wakuu, Jumamosi tulikuwa Old Moshi kwenye kikao cha ukoo, kugawa kihamba, shamba la ukoo la migomba, cha marehemu babu. Shangazi aliyemuuguza babu mpaka anazikwa hakupata hata mgomba mmoja. Alipouliza, baba mdogo akaweka chini kata ya mbege: "Msituletee mambo ya Beijing hapa." Kimya.

Nabisha hapa nilipokosa ujasiri kule. Hiyo Beijing, mkutano wa dunia wa wanawake wa 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mtu wa Ukerewe. Miaka arobaini kabla yake, Bibi Titi Mohamed alikuwa akiwaingiza akina mama TANU kupitia vikundi vyao vya ngoma. Na bibi yangu, ambaye Beijing hakuwahi kuisikia, hela ya ndizi na maziwa ilikuwa yake, kaifunga kwenye pindo la kanga, na babu haulizi. Babu alikuwa na kahawa. Mwanamke kushika hela si jambo geni kwetu. Aliyonyimwa ni ardhi.

Mangi wa Kibosho: Mkuu, kihamba si kiwanja cha mjini. Mle wamelala wazee. Ukimpa binti aliyeolewa Sanya Juu, watoto wake ni wa ukoo mwingine. Kizazi kimoja tu, makaburi yetu yako kwa watu.

Mama Pacha: Mangi, kaka yangu kauza kipande kwa mtu wa kuja, hatua chache kutoka kaburi la mama. Kikao hakikuitwa. Dada akiomba ndipo mnakumbuka makaburi!

Karani: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata kabla yake, 1990, Mahakama Kuu Mwanza iliamua kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya. Aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, mpwa wake akapinga kwa mila. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na Katiba.

Mangi wa Kibosho: Sawa, shinda kesi. Desemba ukoo ukipanda kuja nyumbani, utachinja na nani?

Mleta mada: Nimempigia shangazi. Mahakamani hataki kwenda. Anataka kile kipande cha chini, kando ya mfereji, anapokatia majani ya ng'ombe. Baba mdogo hata mpaka wake hajui unaishia wapi. Juzi alimwomba shangazi amwonyeshe.