Nyumba ya urithi Ngamiani: kununua, kukarabati na kuuza, hesabu hii imekaa sawa?

Mtafutaji_TA:
Habari za jioni wadau. Nimeletewa nyumba Ngamiani, Tanga, zile barabara za namba, nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, ukumbi katikati unaotokeza uani, choo na jiko nyuma. Mita 9 kwa 13. Kuta ni nene kama sentimita 40, mawe ya matumbawe kwa chokaa, ila juu yake imepigwa plasta ya sementi. Mwenye nyumba ni marehemu. Anayeuza ni mtoto wa kwanza, ana wadogo zake wanne, na chumba cha mbele kuna mpangaji. Bei ni 38m. Dalali anasema ikipendeza inaondoka kwa 70m.

Ukarabati nimeutengea 17m: bati, kuziba plasta inapobanduka, skimu (lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta), rangi, umeme, choo kimoja ndani. Siku 45 fundi awe ametoka. Muuzaji ameomba kwenye mkataba tuandike 20m ili kodi yake iwe ndogo. Ukutani chini kuna alama ya maji, dalali anasema ni masika tu. Nikosoeni kabla sijatoa hela.

KaratasiKwanza:
Mkuu, hiyo 20m usiisaini. Ukiacha kwamba ni kosa, anayeumia ni wewe. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni 10% ya faida, na faida inahesabiwa kutoka bei uliyonunulia kwa maandishi. Ukiuza 70m, ukatoa 38m na 17m, faida ni 15m, kodi 1.5m. Mkataba ukisoma 20m, faida inakuwa 33m, kodi 3.3m. Yaani umemlipia yeye kodi yake kwa 1.8m zako.

Hizo 17m nazo hazipunguzwi kwenye faida hivihivi, zinataka risiti za EFD (zile za mashine ya kodi). Ukilipa mafundi 6m mkononi bila karatasi yoyote, hesabu 600,000 ya kodi juu yake. Na ukishafanya nyumba ya pili na ya tatu, TRA wana haki ya kukuona mfanyabiashara, hapo mahesabu ni mengine kabisa.

Mtoto wa kwanza si mwenye nyumba. Omba kuona barua ya usimamizi wa mirathi. Kama ni Mahakama ya Mwanzo inakuwa Fomu namba 4. Chukua namba ya shauri, nenda mwenyewe masjala ya mahakama hiyo uulize kama usimamizi bado upo au umetenguliwa, na kama kuna pingamizi. Usikubali nakala ya nakala. Wadogo zake wanne wasaini ridhaa, na kama marehemu kaacha mjane anaishi humo, naye pia. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri tu, muhuri wake hauhamishi umiliki.

Baada ya hapo ndiyo uende kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi rasmi: jina, rehani, zuio. Angalia pia deni la pango la ardhi.

Fundi_Chokaa:
Masika hayachori mstari ulionyooka. Kaitazame hiyo alama. Kama imepanda usawa mmoja kuzunguka vyumba, nusu mita hadi mita moja kutoka sakafuni, na kuna unga mweupe, hayo ni maji ya ardhini yanapanda, maana nyumba hizi hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Kama doa linaanzia juu na kushuka kama ulimi, ni bati. Halafu gonga plasta kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu, imeshaachana na jiwe.

Ugonjwa wako ni hiyo plasta ya sementi. Matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyaachia hewani. Sementi inayafungia ndani, yanatafuta njia juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ukija na skimu ya jasi juu yake ndiyo umeharibu zaidi: jasi inakunywa maji, rangi inaota malengelenge, na yataota wiki ile mnunuzi anakuja kukagua.

Anzia nje. Barabara na nyua zimekuwa zikijazwa miaka nenda rudi, mara nyingi udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani. Ushushe mpaka sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, upe mteremko maji yaondoke. Chimba kipande cha mita moja, maliza, hamia kingine. Ukiacha upande mzima wa msingi wazi, na misingi ya mawe hii huwa haiendi kina, ukuta unaweza kukaa vibaya.

Ndani, bandua plasta hadi sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, ikusanye, itoe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ukutani. Kisha acha ukuta upumue. Kanuni ya wanaokarabati majengo ya kale ni sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa 40 usidanganywe kwamba utakauka kwa siku 45. Ndiyo maana kubandua ni kazi ya siku ya kwanza na plasta ni ya mwisho. Katikati fanya bati na umeme.

Plasta: chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka mbili, kila moja isizidi milimita 12. Chokaa ya mfuko ilowekwe angalau usiku mmoja. Lowanisha ukuta kidogo kabla ya kupiga, kisha kinga kwa magunia yenye unyevu, upepo wa bahari usiikaushe ghafla ikapasuka. Tabaka la pili lisubiri mpaka la kwanza lisibonyee kwa kidole gumba ila ukucha unaacha alama. Mita 50 za mraba kwa unene wa milimita 20 zinakula mita 1 ya ujazo, na kwa vile matumbawe yana mashimo, ongeza theluthi. Rangi iwe ya chokaa. Ya mafuta usiikaribishe.

Mchanga wa mto, si wa pwani. Ulambe usikie kama una chumvi. Kisha tia chupani hadi sentimita 10, jaza maji, tikisa, acha masaa matatu. Tope la juu likipita milimita 6, rudisha lori.

Mtafutaji_TA:
Asante sana wakuu. Fundi, kwa hiyo ile plasta ya sementi nibandue yote mpaka juu?

Fundi_Chokaa:
Hapana kaka. Palipo pakavu na hapalii debe, paache. Ukibandua sementi iliyoshika vizuri inang'oka na uso wa jiwe.

Bati_na_Kenchi:
Naongezea kwenye bati. Geji 28 ni nene kuliko 30, watu wengi wananunua kwa kuangalia namba kubwa. Kwa chumvi ya Tanga chukua yenye mchanganyiko wa alumini na zinki au iliyopakwa rangi kiwandani, skrubu zenye mpira, si misumari. Kwa nyumba ya 9 kwa 13, ukiweka upenu wa sentimita 60 kila upande na mteremko wa kawaida, paa ni karibu mita 156 za mraba. Agiza 172.

Kinachoangusha bajeti ni kenchi. Panda juu na bisibisi, choma kila mbao inapokalia ukuta, hapo ndipo mchwa huanzia. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, mbao hiyo haipo. Na usilaze bati la alumini-zinki moja kwa moja juu ya mbao mbichi zilizotiwa dawa ya shaba, linaliwa kutoka chini. Weka karatasi ya lami katikati.

Dada_Nyaya:
Umeme ubadilishe wote, usiunge wa zamani. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, nondo ya ethi, na swichi ya kukata umeme unapovuja ya miliamp 30. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nunua LUKU ya kiasi kidogo kabla ya mkataba, usome makato: kodi ya jengo inakatwa humo, na limbikizo litaonekana. Bili ya maji nayo waulize Tanga UWASA kwa namba ya mita.

KaratasiKwanza:
Narudi kwa mpangaji. Usilipe yote siku ya kusaini. Baki na 15%, yaani 5.7m, mkataba useme zinatoka siku msimamizi wa mirathi anakukabidhi funguo za vyumba vyote sita vikiwa vitupu. La sivyo kumtoa kunakuwa kazi yako, na siku 45 zinaanza kuhesabika mtu akiwa bado anapika uani. Na hamisha umiliki uje kwa jina lako kabla ya kuuza. Ushuru wa stempu 1% kwenye 38m ni 380,000. Kuuza kwa hati ya uwakala kutoka kwa msimamizi ili kukwepa hiyo hela kunamfukuza kila mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki.

Mtafutaji_TA:
Nimeelewa. Basi 17m ibaki kwa bati, kenchi, nyaya, choo na chokaa, skimu naitoa. Na bei nashuka nayo hadi 32m kwa sababu ya ukuta. Atakubali?

Bati_na_Kenchi:
Nenda naye ndani na nyundo. Mgongee plasta chumba kwa chumba asikie mwenyewe, ndipo umtajie 30m.