Mjadala: Fungu la kinga katika mageuzi ya afya Zanzibar lilindwe kwa sheria, au fedha zimfuate mgonjwa aliyeko kitandani?

Mtoa mada, Chake Chake

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Tangu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uundwe kwa sheria ya mwaka 2023, na tangu hospitali mpya za wilaya zianze kufungua milango, mazungumzo yetu juu ya mageuzi ya afya yamekuwa ya vitanda, mashine na wanachama wa Mfuko. Sina kinyongo na vitanda, kwani nimelala juu ya mkeka katika varanda ya hospitali nikimuuguza mzazi, na ninajua thamani ya kitanda. Ninachouliza ni hiki: ndani ya mageuzi haya, kinga imetengewa fungu gani ambalo haliwezi kuguswa? Msimamo wangu ni kwamba fungu hilo liandikwe katika sheria na lisichotwe hata hospitali zikielemewa, kwa sababu kinga ina msiba ambao tiba haina: ikishafanikiwa, husahauliwa.

Hilo tumeliona sisi wenyewe, wala halihitaji mfano wa ugenini. Wazee wanawakumbuka wapuliziaji wa DDT, dawa ya kuua mbu, waliokuwa wakiingia nyumba baada ya nyumba. Kampeni ile, iliyoendeshwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, iliishusha malaria kiasi kwamba huku Pemba waliokutwa na vimelea hawakufika watu 2 katika kila 100. Mwaka 1968 ikasimamishwa. Hakuna aliyetaka malaria irudi. Ila maradhi yalipokuwa hayaonekani tena, ulinzi wake nao ulionekana ni gharama isiyo na sababu, na haikuchukua miaka mingi homa ikarejea katika nyumba zile zile. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2003 ilipoletwa dawa mseto, kisha vyandarua na upuliziaji wa majumbani tangu 2006, ndipo maambukizi yakashuka tena chini ya asilimia 1. Na mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 wagonjwa wakaongezeka ghafla, hasa upande wa Mjini Magharibi. Kizazi cha vijana ambao hawajawahi kuugua malaria ndicho kinachopanga bajeti leo, na ndicho ninachokiogopea.

Nije kwenye jambo lililonigusa nyumbani. Baba yangu mdogo ni mvuvi wa upande wa Micheweni. Alikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimgonga tangu alfajiri hadi anaporudi kutoka baharini. Mkanda wa mashine ya presha ulikuwa umepasuka na kuzungushiwa plasta, na ukivaliwa unatoa upepo kabla namba haijasomeka. Akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa apumzike. Miezi mitatu baadaye, akiwa amekaa kunywa chai baada ya sala ya alfajiri, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, na alipotaka kusema neno ulimi haukumtii. Tulimbeba kwa gari ya jirani. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini hivi sasa anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na nyavu zake hazijashushwa ukutani tangu siku ile.

Hayuko peke yake. Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha. Hospitali ya kuwapokea watu wote hao baada ya kiharusi haijengeki, iwe kwa fedha zetu au za wahisani. Mkanda mzima wa mashine ya presha unanunulika. Naomba wenye mawazo tofauti waseme bila kuona haya.

Mchangiaji, Wete

Waalaykum salaam, kaka yangu. Pole sana kwa baba mdogo, Mwenyezi Mungu amrejeshee nguvu. Mimi ni muuguzi na mkunga, na historia uliyoileta naikubali yote. Hitimisho lako ndilo nisilolikubali.

Mama anapotokwa na damu baada ya kujifungua, nina dakika chache tu. Wakati huo nahitaji damu iliyopimwa, dawa ya kukaza kizazi iliyohifadhiwa kwenye baridi, daktari wa zamu aliye karibu na gari yenye mafuta. Bajeti yetu ni nguo fupi: ukiivuta kufunika mabega, miguu inabaki nje. Ukilifunga fungu moja kwa sheria, umenifunga mimi mikono siku ambayo chupa ya mwisho ya damu imekwisha, na yule mama hatanielewa nikimwambia kwamba fedha zipo lakini ni za kinga.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu, fedha za kinga tunazozifahamu huishia katika semina, fulana na mabango. Siku ya uzinduzi kuna chakula na posho, na wiki inayofuata sheha amebakiwa na bango tu. Halafu mwananchi anaambiwa apunguze wanga na chumvi, wakati kilichomo jikoni ni muhogo, wali na papa mkavu. Huko ni kumtwisha mtu lawama ya maradhi ambayo umaskini ndio uliomletea. Ahadi ya matibabu bure iliyotolewa mwaka 1965 ilikuwa ahadi kwa mgonjwa. Tuitimize hiyo kwanza.

Mtoa mada, Chake Chake

Dada yangu, ahsante. Umezungumza kama mtu anayeshika wagonjwa kwa mikono yake, na kuna mahali umenirekebisha.

La semina na fulana umesema kweli, na mimi ninakwenda mbali kuliko wewe: semina ya siku mbili isihesabiwe kabisa kuwa ni kinga. Fungu ninaloliomba liwe la vitu vinavyoweza kuhesabiwa katika shehia, mtu akasimama na kuuliza vipo au havipo. Mashine ya presha iliyo nzima na mtu anayejua kuitumia. Vidonge vya presha vya mwezi mzima katika kituo cha karibu, ili mvuvi asilazimike kupoteza siku ya bamvua kuvifuata mjini. Maji safi ya bomba, kwa sababu kipindupindu kimetuzuru mara nyingi tangu mwaka 1978, na chanjo ya kunywa iliyotolewa mwaka 2009 katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba ilisaidia sana, tena ikawakinga hata majirani ambao hawakuinywa, lakini nguvu ya chanjo hupungua na kisima kichafu hubaki pale pale. Wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba walipwe kwa wakati, maana wao ndio wanaomkuta mama mjamzito kabla hujamkuta wewe.

Na hapo kwa mama mjamzito ndipo ninapoona mimi na wewe tunagombania shilingi ile ile bila ya sababu. Mama anayefika kwako akiwa tayari amepungukiwa damu, kwa sababu hakupata vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya minyoo katika mimba yake, hana akiba ya kupoteza. Tone ambalo mwenzake angelistahimili, yeye linamwangusha. Ile chupa ya damu unayoililia, nusu ya haja yake ilianza miezi sita nyuma, katika kliniki ambayo vidonge vilikuwa vimekwisha. Sisemi kwamba dharura zote zitazuilika. Mama mwenye afya kamili naye hutokwa na damu, na kwa huyo nakubali bila ya mabishano kwamba chumba chako kiwe na kila kitu.

Kuna pia mambo ambayo hospitali, hata iwe kubwa namna gani, haina la kufanya. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huku Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ile haina dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari humwangalia mgonjwa, humtia maji, na humwombea. Pale kilichohitajika kilikuwa ni neno linaloaminika, lililotangulia sufuria kuwekwa motoni, kutoka kwa mtu ambaye familia zile zinamjua na kumsikiliza. Huyo ndiye mhudumu wa jamii ambaye, ukibana bajeti, huwa wa kwanza kukatwa.

Kuhusu lawama kwa maskini, niko upande wako. Nisingependa kumsikia mtu akimwambia baba yangu mdogo kwamba kiharusi chake ni matokeo ya papa mkavu. Alikwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe, mapema, akaeleza kinachomsumbua. Yeye alifanya la kwake.

Kwa hiyo narekebisha pendekezo langu. Fungu la kinga liwe ndani ya sheria, lakini lihesabiwe kwa vitu na watu, si kwa shughuli. Na katika dharura iliyotangazwa liweze kuazimwa, kwa sharti kwamba hilo deni lirudishwe katika mwaka ule ule wa fedha na taarifa yake isomwe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Je, kwa masharti hayo, dada yangu, bado utaona nimekufunga mikono? Na wengine mlioko katika mabaraza ya madiwani, Unguja na huku kwetu, tuambieni: katika wilaya zenu, mwaka huu, vituo vingapi vina mashine ya presha inayosoma?